Kompyuta za Mtumba na Daftari la Nyakuron, 2008–2016

Utangulizi

Nilifika Juba kwa mara ya kwanza Februari 2008 nikiwa na umri wa miaka 16, na sikuwahi kugusa kompyuta. Nilizaliwa ukimbizini, wilaya ya Adjumani, kaskazini mwa Uganda. Mji ambao wazazi wangu waliuita nyumbani niliujua kwa masimulizi tu. Mjomba wangu alinipokea Nyakuron, karibu na kituo cha utamaduni kilichojengwa katika miaka ya 1970, baada ya Mkataba wa Addis Ababa wa 1972 kumaliza vita vya kwanza. Wiki ya pili alinipeleka kwa rafiki yake, fundi kutoka Bunia, mashariki mwa Kongo. Yeye alikimbia vita vya Ituri, akajifunza ufundi Kampala, kisha akafuata biashara Juba. Alikuwa na kibanda cha mabati ambamo aliuza na kutengeneza kompyuta zilizotumika. Sote tulimwita Fundi, nami nitamwita hivyo humu. Nilikaa naye miaka minane.

Katika masomo yetu tumesoma mengi kuhusu kuzaliwa kwa Sudan Kusini: mkataba wa amani, kura ya maoni, bendera mpya. Vyanzo tunavyotumia ni hotuba, barua na nyaraka za ofisi. Mimi niliziona nyaraka za aina hiyo zikiwa bado ndani ya mashine. Nilizitengeneza mashine hizo, na mara moja, kwa uzembe wangu, nilifuta kitu ambacho hakikuwa na nakala. Hoja ya insha hii ni kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu za miaka ya mwanzo ya nchi yetu iliandikwa kwenye kompyuta ambazo watu wa nchi nyingine walishaziacha. Kuokoka kwa kumbukumbu hizo kulitegemea vijana wa vibandani, na hakuna aliyewaambia vijana hao kuwa wameshika nini. Chanzo changu kikuu, mbali na kumbukumbu yangu, ni madaftari matatu ya karakana yaliyoandikwa kuanzia Novemba 2010 hadi Julai 2016.

Njia iliyoleta mashine

Tarehe 9 Januari 2005 Mkataba wa Amani ulitiwa saini Nairobi. Vita vilivyoanza mwaka 1983 vikakoma. Wakati wote wa vita Juba ulikuwa mji wa kambi ya jeshi la Khartoum, na barabara zake hazikupitika kwa usalama. Baada ya mkataba ukawa makao ya serikali ya Sudan ya Kusini. Wizara zilihitaji barua, makanisa yalihitaji orodha za waumini waliorudi, shule zilihitaji mitihani iliyochapwa, na wafanyabiashara walihitaji stakabadhi. Mashirika yenye fedha yalikuja na kompyuta mpya. Wengine wote walinunua za mtumba.

Kompyuta hizo zilikuwa na safari ndefu. Ofisi nyingi za Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta kila baada ya miaka mitatu au minne hata kama bado zinafanya kazi. Zile za zamani hukusanywa, hupakiwa kwenye makontena na kuuzwa, nyingine kupitia Dubai. Zilizokuja kwetu zilishuka Mombasa, zikapita Malaba hadi Kampala. Huko wafanyabiashara walizijaribu, wakazifuta vumbi na kuzipanga upya. Fundi alizifuata Kampala yeye mwenyewe, akazipandisha lori kupitia Gulu hadi mpakani Nimule, na kutoka Nimule hadi Juba.

Kipande hiki cha mwisho kilikuwa kilomita 192 tu, lakini ndicho kilichotuharibia mashine. Lami ya barabara hiyo ilikamilika mwaka 2012. Kabla ya hapo ilikuwa njia ya changarawe na mashimo. Tulizifunga mashine kwa magodoro ya zamani na magunia ya nguo, lakini bado zilifika vipande vya memori vikiwa vimechomoka na skrubu zikizunguka ndani ya sanduku. Kazi yangu ya kwanza katika karakana ilikuwa kufungua kila sanduku lililofika, kutoa memori, kusugua meno yake kwa kifutio cha shule na kuirudisha. Mashine nyingi zilizosemekana kufa zilipona kwa kifutio hicho.

Karibu kila sanduku lilikuwa na kibandiko cha mwenyewe wa kwanza: shule ya Uholanzi, benki ya Ujerumani, hospitali ya Uingereza. Kibodi nazo zilikuja na lugha zake. Kwenye kibodi ya Kijerumani herufi Y na Z zimebadilishana nafasi. Mteja mmoja aliyezoea kibodi ya Kiingereza alichapa stakabadhi za usafiri kwa miezi miwili akiandika kuwa magari yake yanakwenda Zei, na abiria wakamcheka, kwa sababu kila mtu Juba anaijua Yei. Tulichomoa vitufe vile viwili kwa bisibisi, tukavibadilishana mahali, kisha tukabadilisha mpangilio ndani ya Windows. Sikutoza kitu.

Mwaka 2009 serikali ya Uganda, katika hotuba ya bajeti, ilitangaza marufuku ya kuingiza friji, televisheni na kompyuta zilizotumika, kwa sababu ya taka za umeme na vifaa vinavyokula umeme mwingi. Sababu hizo zilikuwa za kweli. Nyuma ya kibanda chetu kulikuwa na rundo la monita zilizokufa, na hatukujua pa kuzipeleka. Lakini kwetu habari hiyo ilikuja kama bei. Fundi alirudi Kampala na mashine chache kuliko kawaida, na tangu hapo tukaanza kutengeneza zaidi kuliko kuuza.

Kazi yenyewe

Adui zetu walikuwa watatu: joto, vumbi na umeme. Juba hufikia karibu nyuzi 40 katika miezi ya Februari na Machi, na kibanda cha mabati huongeza. Feni za kompyuta hizo zilitengenezwa kwa ofisi zenye madirisha mawili ya kioo na baridi nje. Huku kwetu zilivuta vumbi jekundu mpaka zikasimama, na mashine ikajizima yenyewe. Tulizipuliza kwa pampu ya baiskeli.

Neno nililolisikia zaidi miaka ile ni “mafi kahraba”, hakuna umeme. Umeme wa mji ulifika sehemu chache kwa saa chache, kwa hiyo kila mtu alitegemea jenereta. Hapo hesabu ilikuwa ngumu. Monita ya kichogo peke yake hula wati 80 hadi 100, na sanduku lake kiasi kama hicho au zaidi. Jenereta ndogo ya wati 650 iliweza kubeba kompyuta tatu kwa shida. Mtu alipowasha ya nne, au pasi ya nguo, umeme ulishuka na kupanda ghafla, na kifaa cha kwanza kufa kilikuwa pawa, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme na kuugawa ndani ya mashine.

Ugonjwa mwingine ulikuwa wa kuzaliwa nao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 viwanda vingi duniani vilitumia kapasita zenye kimiminika kibovu ndani yake. Kapasita ni kitu kidogo kama kopo kinachotuliza umeme kwenye bodi. Hizi mbovu zilivimba vichwa, nyingine zikavuja baada ya miaka michache. Mashine za umri huo ndizo hasa zilizotufikia, maana ndizo zilizokuwa zimeondolewa kwenye ofisi za huko. Nilijifunza kuzitambua kwa kidole: kichwa kizima ni bapa, kigonjwa kimeumuka kama andazi. Tulizing’oa, tukatafuta nzima kwenye bodi zilizokufa kwa sababu nyingine, tukazilehemu. Fundi alikuwa akisema, kwa Kiswahili chao cha Bunia, “Iko mugonjwa, haiyakufa.” Alimaanisha haijafa bado, na alilisema hilo hata kwa mashine ambazo mimi niliona zimeshazikwa.

Hapo ndipo nilipopata Kiswahili changu. Kwa wateja tulitumia Kiarabu cha Juba, kwa ofisi Kiingereza, lakini kwa Fundi na kwa madereva kutoka Kampala na Mombasa tulitumia Kiswahili, kila mtu na chake. Nilisema “batu” na “bintu” kwa miaka minane, na sasa walimu wangu huvipigia mstari mwekundu. Ninawashukuru kwa mistari hiyo. Lakini neno kulehemu, na maneno mengine mengi ya mikono, sikuyapata darasani.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho ningependa wanafunzi wenzangu wa historia wakikumbuke. Ni betri ya mviringo, ukubwa wa sarafu, volti tatu, inayokaa kwenye bodi ya kompyuta. Kazi yake ni kuiwezesha mashine kukumbuka saa na tarehe wakati imezimwa. Mashine za mtumba zilifika na betri zilizokwisha. Kila zilipowashwa zilirudi kwenye tarehe iliyowekwa kiwandani, kwa mfano 1 Januari 2002, na wengi hawakujali kuirekebisha. Faili zote zilizoandikwa siku hiyo zikabeba tarehe hiyo. Wiki ya uhuru, Julai 2011, kiongozi wa kwaya alituletea kompyuta yenye ratiba ya sherehe za tarehe 9. Kwa mujibu wa mashine, ratiba ya uhuru wa Sudan Kusini iliandikwa mwaka 2002, wakati vita bado vinaendelea. Mtafiti atakayelikuta faili hilo siku moja atapata taabu kulieleza. Tunafundishwa kukagua tarehe ya waraka kabla ya kuuamini. Kwa nyaraka za Juba za miaka ile, tarehe ya faili peke yake haitoshi.

Kosa langu

Novemba 2010 uandikishaji wa wapiga kura ya maoni ulianza, na karakana ilijaa. Kila mtu alitaka kuchapa kitu. Fundi alikuwa amekwenda Kampala kununua vipuri, nami, nikiwa na miaka 18, nilibaki mwenyewe. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita ustaz, aliniletea kompyuta yake juu ya toroli. Ilikuwa nzito kufunguka na imejaa virusi, kama karibu zote wakati ule, kwa sababu flashi moja ilizunguka ofisi kumi. Alisema, “Mwanangu, iponye.” Nikasema, “Kesho, ustaz.”

Dawa niliyoijua ilikuwa moja: kufuta diski yote na kuweka Windows XP upya. Sikumuuliza kulikuwa na nini ndani. Sikuwa na desturi ya kuuliza. Kwa saa mbili nilimaliza, nikaona fahari, maana mashine sasa ilifunguka haraka kama mpya.

Kesho yake alikuja, akaketi, akafungua, akatafuta. Kisha akaniuliza, “Majina yako wapi?”

Kwa miaka miwili ustaz alikuwa akiandika majina ya watu wa vijiji vya kwao waliokufa vitani au waliotoweka na hawakurudi. Aliwatembelea wazee waliorudi kutoka Uganda, Kongo na Khartoum, akawauliza, akaandika kwenye vipande vya karatasi, na usiku akachapa: jina, jina la baba, kijiji, mwaka kama ulijulikana, na nani aliyemweleza. Vipande vingi vya karatasi alikwisha vitupa, kwa sababu aliamini kompyuta inatunza kuliko karatasi. Hakunifokea. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Malesh, ya wele,” pole, kijana, kana kwamba mfiwa ni mimi. Nilitamani anitukane.

Fundi alirudi siku ya tatu. Kabla ya kunisema aliuliza kama mashine imewashwa tena tangu siku ile. Nikasema hapana. Akachomoa diski papo hapo na kunieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua kabla ya kushika bisibisi. Kufuta diski kwa njia ile ya haraka ni kama kuchana yaliyomo mbele ya kitabu: kurasa bado zipo, ila hakuna kinachoonyesha ziko wapi. Hatari ni kile kinachoandikwa baadaye. Windows niliyoiweka ilikuwa imekwisha andikwa juu ya baadhi ya kurasa, na hizo hazirudi kwa dawa yoyote.

Tuliunganisha diski hiyo kwenye mashine nyingine kama diski ya pili, tukaazima programu ya kurudisha mafaili, na tukaiacha ikisoma usiku nne, kila usiku hadi mafuta ya jenereta yalipokwisha. Mafaili yalirudi bila majina yake, yakiwa na namba tu, na mengine yakiwa vipande. Nilifungua moja baada ya jingine. Tuliokoa zaidi kidogo ya nusu ya majina. Ustaz aliongeza mengine kutoka kwenye karatasi zilizobaki na kwa kuwarudia wazee wake. Lakini wawili kati ya wazee hao walikuwa wamefariki mwaka huo. Majina waliyoyajua wao peke yao hayakurudi.

Daftari

Wiki hiyo Fundi alinunua daftari soko la Konyo Konyo, akalichora mistari kwa rula: tarehe, mwenye mali, kilichomo, ugonjwa, dawa, sahihi. Tarehe ilitoka kwenye simu, kamwe si kwenye kompyuta. Safu ya “kilichomo” ilikuwa amri. Hakuna mashine iliyofunguliwa kabla mwenyewe hajasema kuna nini ndani, na kama kuna kitu, tulikinakili kwanza kwenye diski yetu. Safu hiyo, iliyoanzishwa kwa sababu ya kosa langu, ndiyo inayoyafanya madaftari haya kuwa chanzo cha historia leo. Ninayasoma hapa kwa mfuatano.

Katika kurasa za 2011 mauzo ni mengi. Kura ilipigwa tarehe 9 hadi 15 Januari, na asilimia 98.83 walichagua kujitenga. Ofisi mpya zilifunguliwa kila mwezi. Kwenye “kilichomo” kuna nyimbo za kwaya, katiba za vyama vya vijana, orodha za walimu, maombi ya viwanja. Julai bei zinaanza kuandikwa kwa pauni mpya ya Sudan Kusini.

Mwaka 2012 sura inabadilika. Januari ya mwaka huo serikali ilisimamisha uzalishaji wa mafuta kwa sababu ya mgogoro na Khartoum juu ya malipo ya bomba. Mafuta ndiyo yaliyoleta karibu mapato yote ya serikali, na uzalishaji ulirudi Aprili 2013 tu. Katika daftari, mauzo yanapungua hadi kurasa nzima hazina hata moja, wakati matengenezo yanaongezeka. Mashine ileile inarudi mara tatu, mara nne, pawa leo, kapasita kesho. Vitabu vinaandika kuwa serikali ilipunguza matumizi. Daftari linaonyesha jinsi kupunguza huko kulivyokuwa: karani anabeba sipiyu, kama watu walivyoliita sanduku lote, kwa pikipiki hadi Nyakuron, na kuomba tulehemu kwa mkopo.

Maandishi ya mwisho ya 2013 ni ya Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Jumapili jioni, tarehe 15, mapigano yalianza mjini. Yaliyowapata watu wa Juba siku zile yameandikwa na wengine, nami sitayarudia. Kwenye daftari kuna kurasa tatu tupu ambazo Fundi aliziacha makusudi, kisha kazi inaanza tena Machi 2014. Kuanzia hapo, safu ya “kilichomo” ina jibu jipya: “sijui”. Mtu aliyeleta kompyuta hakuwa mwenyewe wa kwanza. Alikuwa ameinunua barabarani, au ameiokota, na hakutaka kuulizwa. Alichotaka ni ifutwe.

Hapa tulibishana, Fundi na mimi. Mimi niliona tukikataa, watakwenda kibanda cha pili na kufutiwa. Yeye alisema ni kweli, lakini mikono yetu tuliijua sisi. Mwishowe tulifanya hivi: tulitoa diski ya zamani na kuweka nyingine, mteja akalipa kidogo zaidi, na diski tuliyoitoa tukaiweka ndani ya kopo la biskuti ikiwa na karatasi ya tarehe. Hatukuzifungua. Fundi alisema mwenyewe atakuja. Walikuja watu wawili. Mmoja alikuta picha za harusi yake.

Tarehe 8 Aprili 2014 Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP, mfumo uliokuwa kwenye karibu mashine zetu zote. Kwenye daftari hakuna lolote siku hiyo. Wateja wetu hawakuwa na habari, na hata wangekuwa nayo, mashine nyingi hazikuwa na memori ya kubeba mfumo mpya. Virusi peke yake ndivyo vilivyoongezeka.

Desemba 2015 serikali iliacha pauni ijipange yenyewe sokoni, na kiwango rasmi cha dola kikaruka kutoka pauni 2.96 hadi 18.5 kwa siku moja. Ukurasa wa wiki hiyo umejaa bei zilizokatwa. Mashine moja ina bei nne, tatu zimepigwa mstari, na ya nne ina alama ya kuuliza. Haikuuzwa.

Daftari la tatu linakoma tarehe 7 Julai 2016. Kuanzia tarehe 8 hadi 11 mji ulipigana tena. Mimi nilikimbilia Adjumani, mahali nilipozaliwa. Fundi alibaki wiki mbili, kisha akarudi Bunia kupitia Uganda. Aliponipitia aliniambia kibanda kilivunjwa na kila kitu cha chuma kilichukuliwa: monita, masanduku, hata makopo ya biskuti na diski zake. Madaftari yalikuwa yametupwa chini, yamekanyagwa. Hakuna aliyeona yana thamani. Aliyafunga kwa kanga, akanipa.

Hitimisho

Mtu anaweza kusema hizi ni habari za kibanda kimoja. Ni kweli, na sidai kuwa Nyakuron ni Sudan Kusini yote. Lakini tulinganishe. Nyaraka za serikali tangu enzi za ukoloni zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema mjini Juba, zikitishwa na mchwa na maji ya mvua, kabla hazijahamishiwa kwenye jengo na kuanza kupangwa na kupigwa picha za kidijiti, kazi iliyofanywa na wizara pamoja na Rift Valley Institute. Hali yake ilikuwa mbaya, lakini nyingi zipo na zinasomeka. Kazi ya ustaz ya 2010 haikukutana na mchwa wala maji. Ilikutana na kijana mwenye nia njema na saa mbili za nafasi. Watakaoandika historia ya miaka ya 2005 hadi 2016 wanaweza kukuta kuwa nyaraka za Waingereza za miaka ya 1930 ni kamili kuliko zetu sisi wenyewe.

Kwa hiyo naomba tuongeze maswali kwenye yale tunayouliza kuhusu waraka. Mbali na nani aliuandika na kwa nini, tuulize uliandikwa kwa mashine ya namna gani, mashine hiyo ilitoka wapi, ilitengenezwa na nani, na nani aliamua kitakachobaki ndani yake. Majibu hayako kwenye maktaba. Yako kwa mafundi, ambao sasa wengi wao wameacha kompyuta za mezani na kutengeneza simu. Mtambo mpya wa umeme wa megawati 33 ulizinduliwa Juba mwaka 2019, lakini mashine tulizozililia umeme hazikuwapo tena kuufaidi. Ukipita Kampala, Bunia, Mwanza au mtaani kwenu, muulize fundi mzee kama ana daftari. Kama analo, liombe kwa heshima, ulisome naye yeye akiwa hai.

Ustaz alifariki mwaka 2018. Kabla ya vita vya 2016 alikuwa amechapisha orodha yake kwenye karatasi, nakala tatu: moja kanisani kwake, moja kwa binti yake, moja kwa Fundi. Nakala ya Fundi ilikuwa ndani ya jalada la daftari la kwanza, na sasa ninayo mimi. Majina yana namba. Pale ambapo ustaz alijua kulikuwa na jina lakini hakulikumbuka, aliandika namba na kuacha mstari mtupu. Binti yake ameniruhusu kuichapa upya. Ninachapa kurasa mbili kila Jumapili, na kila ukurasa ukimalizika ninautoa kwenye karatasi siku hiyohiyo. Mistari mitupu ninaiacha kama alivyoiacha.